Usiazime Sufuria la Kupikia Bia

Kila nikimsikia mtu anataka kupika bia ya nafaka, mwanangu, naikumbuka asubuhi niliyokwenda kwa Bi Zuhura kuazima sufuria. Nakuhadithia kwa kuwa umeniletea picha za vyombo unavyotaka kununua huko kwako Fumba, na unavyovisifia utadhani umepata mchumba. Nakujua; ukishika jambo hubanduki. Hilo umelirithi kwangu, siwezi kukulaumu.

Wakati ule nilikuwa kijana, namenya viazi katika jiko la hoteli moja Mji Mkongwe. Nyumbani Kikwajuni, katika chumba cha uani, nilikuwa napika bia ya kopo: unafungua kopo la shira ya kimea, unatia maji, sukari na hamira, unangoja. Ilinyweka. Lakini ladha ilikuwa ile ile kila mara, na mimi nilitaka kuanza na punje zenyewe. Mwenye hoteli alipoonja ya kwangu, akaagiza gunia la shayiri iliyokwisha kuoteshwa na kukaushwa, akaniambia nikimtolea bia nzuri kwa nafaka ile, nitaaga viazi. Toka hapo usingizi ulinipaa.

Tabu ilikuwa chombo. Punje zinaparazwa, yaani zinasagwa nusunusu, zinaloweshwa katika maji ya moto yasiyochemka mpaka zitoe utamu wake, zinachujwa, kisha yale maji matamu ndiyo yanayochemshwa. Kazi hiyo inataka nafasi, na sufuria letu la wali lingetoa bia ya kumlevya paka. Gunia nalo halikuwa la kungoja. Hewa ya Unguja unaijua, hata chumvi hulowa mezani.

Masufuria makubwa yalikuwa kwa Bi Zuhura, jirani yetu wa mlango wa pili. Yalikuwa ya mtaa mzima, Waislamu na sisi Wakristo wachache tumeyachangia, na yalitumika kwa harusi, hitma na misiba ya kila nyumba. Mbuzi wetu wa Krismasi alichinjwa na mume wa Bi Zuhura, ili majirani wote wale bila wasiwasi. Kwao kukiwa na harusi, mama yangu alikuwa akimenya thomu tangu alfajiri. Ndivyo tulivyoishi, na wala hatukuona kuwa ni jambo la kusifiwa.

"Shikamoo, Bi Zuhura."

"Marahaba, baba. Mama hajambo?"

"Hajambo. Nnataka sufuria kubwa, kesho ntalirudisha."

"Chukua, ufunguo huo hapo msumarini. Ila usilikawize, Ijumaa nna hitma ya mama yangu."

Hakuuliza napika nini. Nikajiambia kwamba kwa kuwa hakuuliza, sina la kumjibu. Nikalitia begani, huyo nikaenda zangu.

Baba yangu alikuwa barazani anavaa viatu vya kazini. "Umemwambia la nini?"

"Hakuniuliza."

"Na kwa nini hakukuuliza? Kwa sababu wewe ni mtoto wa nyumba hii. Rudi ukamwambie kwa kinywa chako, na uwe tayari kukosa."

Nilikasirika, sikufichi. Nilirudi huku nanung'unika, nikalitua sufuria mlangoni, nikamwambia Bi Zuhura kwamba lilikuwa la bia. Aliacha kuchambua mchele wake. Akasema polepole, bila hata kukunja uso:

"Sufuria kuoshwa litaoshwa, baba. Lakini Ijumaa watu watakula humu. Wakijua, hawatotia mkono. Wasipojua, ntakuwa nshawalisha mimi, na usingekuja kusema, mie mwenyewe nisingekuwa na habari. Ungenitia hayo?"

Mwanangu, nilitamani anitukane. Mawazo yangu yote yalikuwa kwenye gunia na viazi. Haikunipitikia hata mara moja kwamba mzigo nilioubeba mimi ungemwangukia yeye, katika hitma ya mama yake.

"Nisamehe, Bi."

"Nshakusamehe, maana umekuja kusema. Sasa nenda katafute chombo chako."

Nikatafuta, na nakwambia nilitafuta kwa hasira. Mchuuzi mmoja wa samaki aliniachia sanduku lake kuukuu la barafu. Nilishafikiri kwamba kinachozuia joto lisiingie kitalizuia pia lisitoke, na kweli, maji yalishika moto wake bila kuni. Chini nikatandika kung'uto jipya la kuchujia, ubavuni nikatoboa nikatia bomba. Nikanunua masufuria mawili yaliyochoka, nikayapaka rangi nyekundu ili asije mtoto wa jirani akayaazima. Bia ya kwanza ilinuka samaki changu. Ya pili ilinuka changu kidogo. Nusu ya gunia ikaota ukungu, mwenye hoteli akafoka mpaka wageni wakasikia, nami nikaendelea kumenya viazi. Sikuacha. Nililisugua lile sanduku kwa ndimu na majivu mpaka vidole vikachubuka, na siku moja ikatoka bia safi, chungu kidogo, yenye harufu ya mkate. Viazi nikavipa mgongo.

Nilipooa, mtaa mzima ulikwisha kujua kazi yangu. Sinia za pilau zikatolewa, na nikawaona baadhi ya wageni wamekaa tu, hawasogei, wanatazamana. Bi Zuhura akanawa, akasema Bismillahi, akatia tonge kinywani bila kuuliza limetoka katika chombo gani. Wengine wakanawa, wakasogea. Nililia palepale, mbele ya mke wangu na mashemeji.

Basi nunua vyombo vyako, hata kimoja kimoja, wala usione haya kuanza na sanduku la samaki. Ila majirani zako wa Fumba waambie unachopika kabla harufu haijawafikia. Ukiomba kitu cha mtu, mwambie unakitakia nini, hata asipouliza. Na asiyeuliza kwa kukuamini ndiye wa kumwambia mwanzo. Akikukatalia, usinune, tafuta njia nyingine. Bia ikiharibika, mwaga upike tena. Mungu aibariki mikono yako, akutilie heri nyumbani kwako, na akujaalie majirani watakaokula kwako na nyoyo zao zimetulia.