Mshipa Uliorusha Haragwe

Tukiwa darasa la sita huko Subukia, Wangare alikuwa akilaza mkono wa kulia juu ya dawati na kuweka haragwe chini kidogo ya kiwiko. Haragwe lilirukaruka lenyewe. Mshipa wake ulicheza juu juu, chini ya ngozi tu, nasi tulicheka mpaka mwalimu akaja na kiboko. Mimi nilicheka kuliko wote.

Aliolewa, mume akafa, akabaki na ng'ombe watatu. Aliwakamua kwa mikono, upesi kuliko mtu yeyote ninayemjua, na nawajua wengi kwa kuwa natibu mifugo. Kijiji kizima kinaniita daktari. Ujinga wangu ni kwamba nilizoea.

Mwaka jana, manesi wakiwa wamegoma, Wangare alitapika siku mbili. Vidonge havikukaa tumboni. Akanunua dawa ya sindano dukani, akanipigia simu.

"Daktari, wewe hukosi mshipa wa ng'ombe. Wangu ndio utakushinda?"

Sifa zilinilevya. Nilifunga mkono wake wa kulia kwa kamba, na mshipa mnene ukajitokeza chini ya kiwiko. Nilipochoma, damu ilirudi nyekundu sana, ikapanda yenyewe ndani ya bomba la sindano. Niliiona, na bado nikasukuma dawa.

"Vidole vinaungua," alisema.

Kufikia Jumapili vilikuwa vyeusi. Huko Nakuru daktari wa upasuaji alinieleza bila kunigombeza, na afadhali angenigombeza. Kwa watu wachache, alisema, mshipa unaopeleka damu vidoleni haupiti ndani ya nyama. Unapita juu juu, pale pale tunapotafuta pa kudunga. Dawa ile ikiingia humo, vidole hufa.

"Ungeugusa kwanza, ungesikia unadunda."

Mkono ukakatwa juu ya kifundo. Majuto ni mjukuu, wanasema, lakini yangu ninalala nayo.

Jana Wangare aliniita, kwa sababu hapa hakuna mwingine. Ng'ombe wawili walishauzwa. Wa tatu kiwele kimevimba, maana mkono mmoja haumalizi maziwa. Nilimtibu, ingawa sidhani atakamuliwa tena. Wangare akaninyooshea mkono wa kushoto.

"Naftaly," alisema. Hakuniita daktari. "Weka kidole hapa. Ndio usikosee mwingine."

Nikaweka. Mshipa huo pia ulikuwa unacheza.