Mkutano wa Mwisho wa Mwenyekiti

Baba yangu aliuza mabati, saruji na misumari pale Kibuta, lakini ukimuuliza kazi yake alikujibu kuwa ni mwenyekiti wa kijiji. Duka lilikuwa la kumpatia pa kukalia tu. Wateja walikaa juu ya mifuko ya saruji wakisubiri amalize kesi ya mbuzi aliyekula mihogo ya jirani, na wengine wakishachoka kusubiri walijikuta wamekuwa mashahidi. Ukija kununua bati, alikuuliza kwanza kama umeshachimba choo. Kama hujachimba, hakuuzii. Mimi ndiye niliyemsaidia dukani, na kwa miaka mingi niliwatazama watu wakivuka barabara kwenda kwa mshindani wetu, ambaye hakujali mtu anajisaidia wapi.

Nyumbani nako hatukupumzika. Chakula cha jioni kilikuwa na ajenda. Tukishanawa mikono anauliza yatokanayo na jana, na kuku wetu mmoja aliyepotea alikaa kwenye yatokanayo wiki nzima. Siku tuliyotoka harusini Gwata tukapanda treni ya umeme pale Soga tushukie Pugu turudi nyumbani, ilipoanza tu kuondoka, baba alisimama atoe neno la shukrani kwa niaba ya abiria. Mhudumu akamwomba akae. Akakaa, akamsubiri apite, akasimama tena. Mimi nilijifanya naangalia mashamba dirishani.

Alikufa ghafla, asubuhi, akifunga kamba za viatu aende kikaoni. Tulimzika alasiri ya siku ile ile. Mama hakulia. Aliingia chumbani kukaa eda, akaegemea ukuta, na tangu hapo hakusema neno wala kutia kitu mdomoni zaidi ya maji. Mama yangu ana presha, na zahanati walishatuambia dawa zake hazimezwi tumbo likiwa tupu. Shangazi, dada yake baba, alimpelekea uji ukarudi. Nikaupeleka mimi, ukarudi. Nikajaribu ukali, nikajaribu kubembeleza. Ilipofika siku ya tatu, siku ya hitima, nilikuwa naogopa kweli kwamba tutarudi makaburini wiki hiyo hiyo, na nikamwambia hivyo waziwazi. Akageukia ukutani.

Basi akaja mtani. Sisi Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za mababu, na kwenye msiba mtani ana ruhusa ya kufanya atakalo bila mtu kukasirika. Huyu alikuwa fundi cherehani wa Mlandizi, rika la baba, na walikuwa wametukanana kwa furaha tangu mimi sijazaliwa. Alisimama katikati ya uwanja akauliza, "Huyu mtumwa wangu kafa bila kuniaga. Nani kampa ruhusa?"

Kisha akataka apewe koti la baba la mikutano na kofia yake. Nikakataa. Chini ya turubai walikuwa wamekaa viongozi wenzake baba, afisa tarafa akiwa mbele kabisa, na sikutaka baba yangu achekwe mbele yao akiwa hana hata mdomo wa kujitetea. Aibu zake nilishazivumilia vya kutosha alipokuwa hai.

"Mpe mtani haki yake," shangazi akaniambia. "Hizo hasira zako peleka jikoni."

Nikampa. Akavaa, akakaa nyuma ya meza, akakohoa mara mbili kama baba, akagonga meza. "Ndugu wajumbe, sitakuwa na mengi ya kusema." Wazee wakaanza kucheka hapo hapo, maana waliijua sentensi hiyo na urefu wake.

"Ajenda ya kwanza ni kifo changu. Nakiri nimekufa bila kufuata utaratibu. Sikuitisha mkutano, na akidi haikutimia. Wanaounga mkono mimi nife, wanyooshe mikono."

Afisa tarafa akanyoosha wake kwa mazoea, kisha akaushusha haraka akajikuna shingo.

"Wanaopinga?" Uwanja mzima ukanyoosha. "Hoja ya kufa imekataliwa. Ila kwa kuwa nimeshazikwa, tuiweke kwenye mengineyo. Sasa tuje kwenye vyoo."

Nilicheka, nakiri. Nilicheka mpaka nikajifunika uso kwa kanga. Lakini mtani hakuishia hapo. Alipita nyumba kwa nyumba, nani ana bati na hana choo, nani ana choo na hana mlango. Kicheko kikaisha, yeye hakuisha. Akaingia kwenye hoja ya kalavati la njia ya shambani. Ubwabwa ulikuwa unapoa kwenye masinia, watoto wanalia, na sheikh alishasafisha koo mara tatu. Nikaona sasa huu si utani tena. Nikamfuata mezani.

"Shikamoo, baba. Inatosha sasa."

"Marahaba. Kaa chini, mwanangu," akaninong'oneza kwa sauti yake mwenyewe. "Siongei na wewe."

Nilipotazama anakotazama, nikaona kwamba muda wote ule uso wake haukuelekea kwa watu. Ulielekea dirisha la chumba cha mama. Nikakaa.

Akaendelea na kalavati. Sauti ilikuwa imeanza kumkauka, na jasho linamtiririka ndani ya koti. Alikuwa amefika kwenye mchanga na nani atausomba, ndipo sauti ikatoka dirishani.

"Mwenyekiti, watu wana njaa."

Alikuwa mama. Katika maisha yao yote ya ndoa, hayo ndiyo maneno aliyoyatumia mama kufunga kila kikao kilichofanyika barazani kwetu, na hapakuwa na mtu mwingine duniani aliyeweza kumnyamazisha baba. Mtani akanyamaza katikati ya neno, kama baba alivyokuwa akinyamaza.

"Na mwenye nyumba je?" akauliza taratibu.

Niliubana mkono wa shangazi mpaka akaguna.

"Naye anayo," mama akasema, kisha akaanza kulia, kilio cha siku tatu kwa mpigo.

Alikula matonge manne, akameza dawa zake. Kisha akaniuliza kama mtani amepata chakula. Nikabeba sahani, nikamtafuta kila mahali, nikamkuta nyuma ya banda la kuku analia peke yake. Nikaweka sahani chini nikakaa naye, maana mtu wa kumtania mpaka anyamaze tulikuwa tumemzika juzi.