Kurasa Nilizomnyima

Nimeandika siku kumi na tisa mfululizo, na bado sijui kama kuna maana. Chuoni niliwahi kumbishia mhadhiri darasa zima likisikiliza: nani amethibitisha kwamba anayeandika kila siku anaandika vizuri kuliko anayesubiri mpaka awe na la kusema? Darasa likacheka, nikakaa chini kama mshindi. Nilipohitimu nilirudi nyumbani Gungu na ushindi wangu, nikamaliza karibu miaka miwili bila kuandika hata barua.

Kazi sikupata. Nikawa namsaidia mama mdogo, ambaye hukausha dagaa pale Bangwe, ufukweni mwa ziwa. Kila Jumamosi alfajiri tulipanda basi na magunia kwenda kwenye soko la pamoja, ukingoni mwa kambi ya wakimbizi, ambako wenyeji na Warundi waliuziana chakula. Ndiko nilikomkuta mkimbizi mmoja wa rika langu. Siku za soko aliuza maharage ya mama yake. Siku nyingine alifundisha watoto wa kambini kusoma. Nilimsalimia kwa Kiha, lugha ya kwetu, akajibu kwa Kirundi, tukaelewana bila shida. Kisha akaniambia kwa Kiswahili kwamba nimekanyaga mfuko wake.

Nilimwita mwalimu. Yeye aliniita msomi, na haikuwa sifa.

"Msomi, unafanya kazi gani?"

"Mimi ni mwandishi."

"Umeandika nini?"

Nikaanza kumweleza ugumu wa kuandika katika nchi isiyosoma. Alinisikiliza huku akichambua maharage, mpaka nikaona aibu.

"Kwa hiyo hujaandika," akasema.

Siku hiyohiyo tukakubaliana: kila mmoja aandike ukurasa mmoja kwa siku, na Jumamosi tusomeane palepale sokoni. Wazo lilikuwa lake. Hakuweza kutoka kambini bila kibali, na kibali hakikuwa kitu cha kuomba ukapewa. Alitaka kuzijua Gungu na Ujiji kupitia macho yangu.

Jumamosi ya kwanza alileta kurasa saba. Foleni ya maji. Mtoto aliyeandika jina lake kwa mara ya kwanza, akakataa lifutwe. Mama yake mwenyewe aliyeota jiko lao la zamani na kuamka akitafuta kuni. Mimi nilileta ukurasa mmoja, unaoeleza kwa nini ukurasa mmoja kwa siku ni mpango wenye kasoro. Alicheka mpaka mama mdogo akageuka.

"Mama, huyu ananitania?"

"Hata mimi hunifanyia hivyo, mwanangu. Ukimwambia mvua inanyesha, anataka ushahidi."

Baada ya hapo sikuleta kitu. Nilileta sababu. Wiki haikuwa na tukio. Kumbukumbu ya mtu mmoja si ukweli. Anayeandika akijua atasomwa lazima adanganye. Siku moja alinikatiza, naye hakuwa anacheka.

"Sikuulizi ukweli. Nakuuliza Jumanne ulikula nini."

Nililiona ni swali dogo. Nilihoji kila kitu miezi ile, isipokuwa jambo moja: kwa nini kila nilipokaa na kalamu, sentensi ya kwanza ilikuwa inamwendea yeye, na kwa nini niliichana.

Kisha mama yake akajiandikisha kurudi Burundi. Mwalimu aliniambia huku akifunga mfuko wa maharage, kana kwamba anaongelea safari ya sokoni. Nikaanza: nani amewahakikishia usalama? Shamba lenu bado lipo? Nani anaishi kwenye nyumba yenu sasa?

"Mama ameulizwa maswali miaka yote hii, msomi. Amechoka kujibu."

"Na wewe utakwenda?"

"Nani atambebea mizigo?" Akanitazama. "Jumamosi ijayo niletee daftari. Hata kurasa tatu. Nataka kitu cha kusoma kule."

Nikaahidi. Wiki ile nilikaa mezani kila siku, nikaandika, nikachana. Ijumaa jioni nilikuwa na sentensi moja niliyoiandika kwa namna kumi na moja, na zote niliona zinasema mno. Basi nikanunua daftari jipya lenye jalada gumu, nikalifunga kwenye gazeti, nikampelekea kama zawadi. Nilijiambia kwamba ataandika humo.

Alilifungua palepale. Akageuza ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Aliendelea mpaka wa mwisho, polepole, kwa kudhani labda nimeanzia katikati. Kisha akalirudisha kwenye gazeti lake.

"Madaftari ninayo," alisema. "Nilikubakizia nafasi kwenye begi. Mama alitaka kuweka sufuria, nikamkatalia."

Akalisukuma daftari upande wangu.

"Sasa ataiweka."

Akamuaga mama mdogo kwa mikono miwili. Mimi alinipa mmoja. Jumatano mabasi yaliondoka. Namba ya simu aliyomwachia mama mdogo haijawahi kupatikana.

Nilikaa miezi nikisema kwamba nitamkumbuka bila karatasi. Halafu asubuhi moja nilitaka kukumbuka ule ukurasa wa mtoto na jina lake, nikashindwa. Aliandika kwa chaki au kwa mkaa? Alilia walipotaka kulifuta, au alicheka? Mwalimu alinisomea ukurasa ule mwenyewe, goti lake likiwa karibu na langu, na mimi nilikuwa natunga hoja ya kumjibu. Jumamosi zote zile, na maneno yake niliyobaki nayo ni hayo mliyoyasoma hapa. Nimejaribu kutafuta mengine. Hakuna.

Siku ile ndipo nilipoanza. Kila asubuhi nakaa juu ya kreti Bangwe, nikilinda dagaa wasiliwe na kunguru, daftari likiwa mapajani. Ukurasa mmoja, sichani, na hakuna kuhoji mpaka ujae. Siku ya sita niliandika rangi ya ziwa tu. Siku ya kumi na mbili nilikaa saa nzima, nikaandika sauti ya mwalimu ilivyokuwa, na nina hakika nimekosea.

"Unaandika nini kila siku?" mama mdogo aliuliza jana.

"Sijui, mama."

"Basi andika kwamba kunguru wanamaliza dagaa wangu upande ule na mwandishi yupo."

Nikaandika. Sijidanganyi kwamba mwalimu atasoma, wala kwamba mazoea haya yanalipa chochote. Ukurasa ulipojaa nilijiuliza kama yeye na mama yake walifika salama. Nikaliandika swali hilo pembeni, kwa sababu mistari ilikuwa imekwisha, kisha nikainuka kwenda kugeuza dagaa.