Picha ya Nane Ilipoanikwa Juani

Siku ya kwanza kuingia chumba cha picha, Bruda, mtawa wa Kizungu aliyezitunza picha za misheni, hakunipa kazi. Alinipa kiti, akaniambia nitazame ubao mmoja mpaka saa sita, nisiuguse. Mimi nilikuwa mfagiaji wa kanisa la misheni, upande wa Itigi, njia ya kwenda Mitundu. Darasa la tatu tu. Saa sita akaniuliza, "Umeona nini?" Nikasema, "Nimeona Yesu anaanguka." Akasema, "Hilo kila mtu analiona. Kaa tena." Jioni nikamwambia rangi imeinuka pembeni kama magamba ya samaki, na ubao umepinda. Akaitikia kwa kichwa. "Kesho njoo umefunga kitambaa. Nywele zisiingie kwenye gundi."

Ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru. Picha zilikuwa kumi na nne, za Njia ya Msalaba, zimechorwa juu ya mbao nene huko Ulaya kabla babu yangu hajazaliwa. Ninyi vijana mnadhani picha ni rangi tu. Chini kuna mti, juu ya mti gundi, juu ya gundi lipu nyembamba ya chaki, ndipo rangi, na mwisho vanishi ya kuikinga. Na mti hautulii. Masika unavimba, na kiangazi chetu cha upepo mkavu unasinyaa. Rangi haiwezi kuufuata, basi inapasuka na kubanduka.

Kazi yetu ilikuwa kuyarudisha yale magamba mahali pake. Gundi tulipika wenyewe kwa vipande vya ngozi ya ng'ombe, sufuria ndani ya sufuria ya maji, na ole wako ichemke, maana ikichemka haishiki. Unaipenyeza chini ya gamba kwa brashi ya nywele chache, unafunika kwa karatasi laini, unakandamiza kwa mgongo wa kijiko chenye joto. Moshi wa mishumaa tuliuondoa kwa mate. Msicheke. Mate ya asubuhi, kabla hujala kitu, kwenye pamba iliyozungushiwa kijiti.

Mpishi wa misheni alikuwa akipita dirishani, "Agnesi, leo umemtemea mate mtakatifu gani?"

"Wewe kaangalie maharage yako yasiungue," namjibu.

Miaka minne nilikuwa peke yangu na Bruda, na nilitembea kichwa juu. Kisha Padre Mkuu akamleta Perpetua, binti kutoka kijiji cha Ulemo, amemaliza darasa la nane. Akapiga goti, "Shikamoo, dada." Nikaitikia kwa shida. Mimi ndiye niliyemfundisha kushika kijiti, na mimi ndiye niliyemfundisha gundi.

Sasa kuna kazi inaitwa kujazia. Pale rangi ilipopotea kabisa unatia mpya, ndani ya pengo tu, usipite hata unywele juu ya ile ya zamani. Mimi nilijazia nguo, mawe na udongo. Uso Bruda hakunipa hata siku moja. Perpetua alipewa uso mwezi wake wa sita tu. Nikaenda kuutazama peke yangu nipate kosa. Nilitazama mpaka macho yakauma, na kosa sikuliona.

Basi Bruda akatuambia macho yake yamechoka, atarudi kwao, na mmoja wetu atapewa ufunguo wa chumba awe mtunza picha. Kazi ya mwisho ilikuwa picha ya nane, ile ya wanawake wa Yerusalemu wanaolia. "Perpetua atajazia nyuso," akasema. "Agnesi atapika gundi." Msiniulize kama nililala.

Perpetua alikuwa amemaliza uso mmoja kati ya tatu, siku ambayo Bruda na Padre Mkuu walikwenda Singida mjini. Asubuhi akaniita. "Dada, hapa chini kuna unga. Wadudu wanakula mti."

Nilijua la kufanya. Unachukua bomba la sindano, unatia dawa tundu moja moja, kivulini. Nilikwishaifanya kabla yeye hajaja. Nikamwambia, "Wewe ndiye msomi."

Akafikiri. "Nyumbani mtama ukiingia fukusi tunauanika. Jua linawatoa."

Nikanyamaza. Kila nyumba ya kwetu inaanika mtama, asingekosa kuwaza hivyo. Akaubeba ubao kwa mikono miwili kama mtoto mchanga, akautandikia mkeka uani. Mimi nikaendelea kukoroga gundi. Kutoka mlangoni niliuona vizuri.

Saa sita nikasikia tak, tak, kama bisi kwenye chungu. Kisha Perpetua akapiga kelele. Ubao ulikuwa umepinda, na nyuso mbili zilikuwa zimekuwa vumbi mkekani. Ule aliokwisha kuujazia, kwa kuwa gundi yake ilikuwa mpya, ulibaki.

Padre Mkuu aliporudi akauliza, "Nani aliutoa nje?"

"Ni mimi, Padre," Perpetua akasema.

"Agnesi, ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa kwenye gundi, Padre."

Halikuwa neno la uongo. Bruda alinitazama, kisha akaenda kuukunja ule mkeka. Wiki ile ile Perpetua akarudi kwao, na ufunguo nikapewa mimi.

Nilikaa nao miaka zaidi ya ishirini. Padre Mkuu aliyefuata hakujali picha, alitaka visima. Watu walipohamishiwa vijiji vya Ujamaa kanisa likajaa, vumbi likazidi, nami nikafuta. Wa tatu alipenda picha na kuleta wageni. Nyuso mbili zile nilizijazia mwenyewe, misimu miwili. Wanawake wangu wanaonekana kama wanaumwa meno. Na wageni wote walisimama kwenye uso wa Perpetua. "Huu nani ameufanya?" Nikawa najibu, "Ni wa zamani."

Nilipostaafu nikapanda basi mpaka Ulemo. Nilimkuta anapepeta alizeti, mama mnene mwenye wajukuu. Akapiga goti lile lile. Nikamwambia yote: sindano, dawa, mlango, gundi.

"Ule ubao?" Akacheka mpaka akafuta machozi kwa khanga. "Dada, nilipofika nyumbani nililia siku mbili. Ya tatu kulikuwa na palizi."

"Hukuitamani tena kazi ile?"

"Kile kiti kilikuwa kinaniua mgongo! Nawa mikono, ugali unapoa."

Vijana, mkijua jambo la kazi lisemeni siku ile ile, hata kwa mtu msiyempenda. Hilo ndilo nililotaka kuwaandikia. Lakini sitawadanganya kwamba nilirudi na moyo mweupe. Nilidhani nimemwibia maisha yake, kumbe alikuwa nayo yote, na mimi nilikuwa na mbao kumi na nne. Alinisamehe upesi mno, hata kabla ya tonge la kwanza. Nikakaa kwenye basi nikimwonea wivu kuliko siku ile ya jua.