Msingi Tuliouchimba Kabla ya Mvua

Mume wangu alipopata kiharusi, yule dada wa mazoezi hospitalini alituambia jambo moja tu: atembee. Nusu saa kila asubuhi, mahali tambarare, la sivyo ule mguu wa kushoto utakakamaa na hautarudi. Alilisema haraka kwa sababu foleni ilikuwa ndefu, kisha akaita mgonjwa mwingine.

Tambarare! Mtaa wetu siutaji, lakini anayeishi milimani huku nje ya jiji anajua ninachosema. Kutoka mlangoni kwangu hadi barabarani unashuka ngazi za viroba vya mchanga, na mie mwenyewe nikirudi na tenga langu la nyanya kutoka soko la Mabibo hupumzika mara mbili njiani. Mahali pekee palipolala sawasawa palikuwa kiwanja cha mtaa, kile chenye magoli ya miti na jiwe kubwa lililoandikwa kwa rangi nyekundu, ENEO LA WAZI, HALIUZWI. Tukaanza kwenda huko alfajiri, yeye na fimbo yake, mie na chupa ya chai. Mwezi wa kwanza wa mazoezi alifika nusu ya kiwanja. Mwezi wa tatu alikwenda goli hadi goli na kurudi bila kunishika bega, na siku hiyo nilipiga kigelegele peke yangu kama mwendawazimu.

Basi afisa mmoja kijana akaja kwenye mkutano wa mtaa akatuambia kwamba kwenye bajeti kuna fungu la maeneo ya wazi. Vibaraza vya kukalia, bembea za watoto, miti ya kivuli, njia ya kutembelea iliyosakafiwa. Niliposikia njia ya kutembelea, nilimwona mume wangu juu yake. Akasema watakaotangulizwa ni wale watakaoonyesha nguvu za wananchi.

"Anzeni kidogo, mama zangu, tuone utayari wenu."

Huku kwetu neno hilo halihitaji mkalimani. Madarasa mawili ya shule yetu tuliyapandisha wenyewe hadi kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha, ndipo bati likaja. Zahanati vivyo hivyo. Serikali haimpi aliyelala, hilo tunalijua tangu utotoni. Nami nilikuwa mjumbe wa kamati, nina mdomo, na nina mgonjwa nyumbani. Nikasimama nikasema kidogo ni cha wavivu. Tuchimbe msingi wote kwa mkupuo, wa ukuta mfupi kuzunguka kiwanja na wa njia katikati, hela ikishuka itukute sisi ni wa kwanza. Watu wakapiga makofi. Hakuna aliyejiuliza bustani lenta yake iko wapi, yaani tukomee wapi.

Aliyejiuliza alikuwa mmoja. Mume wangu aliendesha greda miaka mingi kwenye ujenzi wa barabara, na jioni ile, kwa maneno yake mazito ya siku hizo, aliniambia, "Msichimbe kabla hela haijaja. Mvua itawahi. Mlima huu mnaukata kiuno."

"Wewe pumzika," nikamjibu. "Kama ungekuwa mzima ungenisaidia kushika jembe."

Nilimwambia hivyo. Sijui nilitoa wapi ulimi ule. Akageukia ukutani.

Tulichimba Jumamosi tatu. Wanaume na majembe, wanawake tukibeba udongo kwenye ndoo, jirani yangu mmoja akinitania kwamba nachimba kama natafuta maiti. Mitaro ikakamilika, mizuri, iliyonyooka kwa kamba. Kuanzia wiki iliyofuata nikawa mtu wa ofisini. Kila Jumatatu nilikaa kwenye benchi lile na kila Jumatatu jibu lilikuwa hilohilo: fedha haijashuka. Afisa alinipa shikamoo kwa adabu zote. Nami marahaba nikaichoka.

Masika hayakusubiri fedha ishuke. Maji ya mlima mzima yalipata njia tuliyoyachimbia. Siku ya nne ya mvua mtaro wa chini ulimeguka, ule wa katikati ukawa korongo, goli moja likaenda na maji. Lile jiwe lilibaki limeinama pembeni, bado linasema haliuzwi. Nani angelinunua? Nilisimama pale na mwavuli uliovunjika nikatamani ardhi imalizie na mie.

Tangu hapo mume wangu hutembea chumbani. Hatua tano, anageuka kwa kushika kitanda, hatua tano. Mguu umeanza kukaza tena, naujua nikiukanda usiku. Hajawahi kunilaumu hata siku moja, na afadhali angenilaumu.

Wiki iliyopita afisa alikuja nyumbani na uso wa furaha: fungu limepita. Nikatoka naye mbio kwenda kiwanjani, na kanga moja. Mume wangu alipotusikia tukitoka aliomba raba zake.

Kijana yule alisimama ukingoni mwa korongo, akatazama chini muda mrefu.

"Mama, hela hii ni ya bustani. Hapa sasa panataka ukuta wa kuzuia mmomonyoko. Hilo ni fungu jingine kabisa."

"Lipo?"

"Andikeni maombi." Akakohoa kidogo. "Ila mkianza wenyewe, hata kidogo, itasaidia."

Sikumtukana. Nguvu ya kutukana sikuwa nayo. Nilirudi nikamkuta mume wangu kibarazani, amevaa raba zote mbili, kamba amezifunga mwenyewe kwa mkono mmoja.

"Wamesemaje?"

"Wamesema tuanze."

Akatikisa kichwa taratibu. Kisha akainama akaanza kuzifungua kamba, kwa mkono uleule mmoja, na mie nikashindwa kumsaidia kwa jinsi nilivyolia.