Anayetia Sahihi Apande

Kwenye meli ile ya kitalii hapakuwa na mtu aliyesalimia kama fundi wa mashua za kuokolea. Aliwasalimia walinzi wa lango, akawasalimia wapishi waliokuwa wakipakia magunia ya viazi, na kuna waliokula kiapo kwamba walimsikia akiisalimia winchi ya kuteremshia mashua kabla ya kuipaka grisi. Wenzake wa karakana walimbandika jina la Mzee Hamjambo, naye akalipokea kama nishani. Alilelewa na bibi yake, na kwa bibi huyo kumwambia mtu shida yako kabla ya kumjulia hali kulikuwa sawa na kuingia sebuleni kwake na viatu vya tope.

Kazi yake, kwa miaka kumi na tisa, ilikuwa moja tu. Ubavuni mwa meli zilining'inia mashua kumi na mbili, sita kila upande, naye alitakiwa kuhakikisha kwamba siku ya balaa zitashuka majini. Hakuna abiria aliyewahi kumshukuru, na hilo halikumkera.

"Siku abiria wakilijua jina langu," alikuwa akimwambia mkewe, "ujue mambo yameharibika."

Kilichoyaharibu ni rangi. Makao makuu ya kampuni, yaliyokuwa mbali, ng'ambo huko, yaliona kwamba wageni wanapenda kupiga picha mbele ya mashua. Ikatoka amri zipakwe rangi nyeupe kila mwezi, ziwe zinang'aa. Wapaka rangi walikuwa watu wa bidii mno. Walipaka mashua, wakapaka minyororo, wakapaka kapi zinazopitisha waya, wakapaka ndoano, na walipofika kwenye kibao kilichoandikwa "Usipake rangi hapa" wakakipaka nacho. Baada ya miaka miwili kapi zilikuwa zimevimba kama keki za harusi, nzuri kuzitazama, ila hazizunguki.

Fundi aliliona hilo mapema akamwandikia meneja wa kituo. Tena hakuandika mara moja. Aliandika mara kumi na moja. Tatizo ni namna alivyoandika. Barua yake ilianza kwa kumjulia meneja hali, kisha mama yake meneja, ambaye goti lilikuwa likimsumbua, kisha binti yake meneja na masomo yake. Baada ya hapo aliulizia kama ile dawa ya kukoroma aliyomwelekeza ilikuwa imemfaa. Ukurasa wa kwanza ungekwisha, wa pili ungefika katikati, ndipo chini kabisa, kama mtu anayeokota kofia yake ili aondoke, angeandika: "Mwisho, bosi wangu, kapi za mashua namba tatu zimeganda kwa rangi na nina wasiwasi kwamba siku ya dharura watu hawatashuka."

Rasimu ilipokamilika, mkewe aliinakili upya. Alikuwa mwalimu, mwenye hati safi na msimamo mkali juu ya aya. Mumewe alimwita Mwalimu, na yeye alimwita mumewe Fundi, hata mbele ya wageni. Hakupunguza salamu hata moja. Aliona ziko pungufu, akaongeza za msimu.

"Barua ikitoka nyumba hii," alisema, "isomeke kuwa imetoka kwa watu."

Meneja naye alizipenda barua hizo. Alikuwa mtu mpweke kwenye kiti kikubwa, na katika kituo kizima hakuna mwingine aliyeulizia goti la mama yake. Alijibu saba kati ya zile kumi na moja, kwa mkono wake mwenyewe, na Mwalimu akayahifadhi majibu hayo ndani ya bahasha kabatini, kama anavyohifadhi kila karatasi yenye jina la ukoo.

Kisha ikaja asubuhi ya zoezi la dharura, meli ikiwa imefunga gatini. Abiria kumi na wanane walivalishwa majaketi ya kuokolea, wakaketi ndani ya mashua namba tatu na ofisa mmoja, wakapunga mikono kwa wenzao waliokuwa sitahani. Winchi ikafunguliwa. Mashua ikashuka mita mbili, halafu upande wa nyuma ukaendelea na safari na wa mbele ukagoma. Watu wote kumi na tisa wakateleza hadi nyuma kama viazi kwenye sufuria iliyoinamishwa. Mzee mmoja mstaafu alijikuta amepakatwa na mama asiyemfahamu, na kwa kuwa walikaa hivyo dakika arobaini, wakafahamiana. Bwana na bibi harusi waliokuwa fungate waligombana, wakapatana, wakagombana tena. Ofisa aliwahimiza watulie kwa sauti ya mtu aliyekuwa akilia.

Fundi alitambaa juu ya nguzo inayoning'iniza mashua, na patasi na nyundo, akabandua rangi kipande kwa kipande. Hata pale, akiwa ananing'inia juu ya maji, hakusahau adabu.

"Hamjambo humo ndani?"

"Tutakuwa wazima ukituteremsha, baba!" mama mpakataji alimjibu.

Mashua ilishuka. Hakuumia mtu, isipokuwa kofia moja iliyokwenda na maji. Lakini abiria waliokuwa sitahani walikuwa na simu mikononi, na hadi mchana dunia nzima ilikuwa imeitazama mashua ile ikiwa imesimama kwa makalio.

Siku ya tatu, kwenye kila ubao wa matangazo wa bandari, pakabandikwa taarifa ya kampuni: "Tukio hili lilisababishwa na uzembe wa fundi wa mashua." Majina yake yakafuata, yote matatu, la kwake, la baba yake na la babu yake. Akaitwa ofisini akapewa karatasi. Akikubali kosa kwa kutia sahihi, atahamishiwa stoo ya mataulo, atastaafu kwa amani na mambo yatazikwa. Akikataa, ataitwa mbele ya tume ya uchunguzi, na akishindwa huko atafukuzwa, na hakuna meli itakayompokea tena.

Jioni hiyo kaka yake mkubwa alifika kutoa busara.

"Tia sahihi, mdogo wangu. Mataulo yana ubaya gani? Mataulo hayagandi. Mataulo hayaning'inizi watu."

"Kaka, kosa si langu."

"Nani kasema ni lako? Mimi nasema utie sahihi, sijasema ukosee."

Mwalimu, aliyekuwa akimimina chai, aliweka birika chini polepole. "Shemeji, wanao wanaandika jina gani kwenye madaftari yao?"

"La baba yetu."

"Basi ndilo hilo lililobandikwa ubaoni. Ukimshauri mdogo wako alizike, na wewe uje na jembe."

Shemeji akageukia chai yake kwa makini makubwa.

"Kampuni wamenitwika mzigo wao," fundi alisema, "na kwa kuwa uko mgongoni kwangu, wanauona kanda la usufi."

Mwalimu akaenda kabatini akarudi na bahasha. "Majibu saba haya hapa. Kwa mkono wake. Yapelekwe mbele ya tume."

Ungedhani mume angefurahi. Fundi alishika tama. "Hayapelekwi, Mwalimu."

"Kwa nini?"

"Humo kuna binti yake aliyerudia darasa. Kuna mama yake na goti. Kuna mkewe aliyehamia chumba kingine kwa sababu ya kukoroma. Mtu alinifungulia moyo wake, leo nikamwanike mbele ya mawakili? Hayo si malezi yangu."

"Kwa hiyo yeye akuanike wewe?"

"Yeye ana malezi yake."

Shemeji alisema kwamba hajawahi kuona mtu anazama ameshika boya na analitaka radhi. Kusema kweli Mwalimu alikasirika, ila alijua mumewe ana haki: nyumba ya watu haisimamishwi kwa kubomoa ya mwingine. Kisha akaleta mkasi, gundi ya shule na karatasi ya kahawia ya kufunikia madaftari. Akaketi mezani, akafunika goti. Akafunika binti. Akafunika chumba kingine. Kila barua ikabaki na mstari mmoja, mahali pengine nusu mstari.

"Je, hivi?" akauliza.

Fundi alizisoma zote saba, akachukua kipande cha karatasi akaongeza kufunika neno "usingizi" lililokuwa limesalia. "Hivi sawa."

Tume ilikaa katika ukumbi wa bandari. Mwenyekiti alikuwa nahodha mstaafu, mwanamke mfupi mwenye sauti ya honi. Upande mmoja alikaa wakili wa kampuni, na kando yake meneja, aliyekuwa akitazama viatu vyake. Upande wa pili alikaa fundi, na nyuma yake Mwalimu, amevaa nguo yake ya mahafali.

"Kampuni haikuwahi kuarifiwa," wakili alisema. "Fundi anadai aliandika barua, na anaonyesha nakala. Nakala mtu anaweza kuiandika hata jana."

Fundi akasimama. "Mheshimiwa mwenyekiti, habari za asubuhi? Natumaini umeamka salama. Na wajumbe, mmeamkaje? Wakili, habari za nyumbani?"

"Nzuri," wakili alijibu kabla hajajizuia.

"Fundi," mwenyekiti alisema, "tufike bandarini."

Fundi akamkabidhi zile barua saba za meneja. Mwenyekiti alizigeuza juu chini, zikiwa zimejaa mabaka ya kahawia kama nguo iliyotiwa viraka, kisha akazisoma kwa sauti, moja baada ya nyingine.

"'Kuhusu kapi, tuvute subira.' Hii imekwisha. Ya pili: 'Kuhusu rangi, ni agizo la makao makuu, nimewapelekea barua yako.' Ya tatu: 'Wamejibu kwamba picha za wageni zina umuhimu wake msimu huu.'" Aliendelea hivyo hadi ya saba, ya miezi miwili kabla ya zoezi. "'Kuhusu mashua namba tatu, nakuomba usiandike tena hadi msimu uishe.'"

Mwenyekiti akainua uso.

"Na haya yaliyofunikwa ni nini?"

"Hayo ni ya nyumbani kwake, mheshimiwa. Hayahusiani na mashua."

Wakili aliruka. "Tunapinga! Huenda yaliyofunikwa yanabadilisha maana! Tunaomba yafunuliwe!"

Hapo meneja akasimama. "Yasifunuliwe," alisema. "Ni goti la mama yangu."

"Goti?"

"Goti, mheshimiwa. Na mambo mengine ambayo ... ni goti, zaidi." Akazielekezea barua kidole. "Mwandiko ni wangu. Nilizisoma barua zote kumi na moja, mpaka mwisho. Na makao makuu walizisoma. Mtu huyu angeweza kunivua nguo leo, amenisitiri. Siwezi kukaa hapa nikasema sikuarifiwa."

Wakili alimvuta koti. Meneja hakukaa.

Tume ilitoka, ikarudi. Ikaamua kwamba kosa ni la kampuni, kuanzia makao makuu hadi kituoni, na kwamba taarifa mpya ibandikwe kwenye mbao zilezile, kwa herufi za ukubwa uleule, na majina ya fundi yasafishwe yote matatu. Kisha mwenyekiti akamwuliza fundi kama ana ombi lolote. Shemeji, aliyekuwa mlangoni, alimfanyia ishara za fidia kwa mikono miwili.

"Ninalo moja," fundi alisema. "Cheti cha usalama cha meli yetu hutiwa sahihi na mkurugenzi, makao makuu, na sijawahi kumwona. Naomba kuanzia sasa anayetia sahihi apande mashua kwanza, ishushwe akiwa ndani."

Mwenyekiti aliandika maneno hayo mwenyewe, akayapigia mstari.

Mkurugenzi alikuja baada ya wiki mbili, na viatu vilivyong'aa kama vya bwana harusi na kalamu ya dhahabu mfukoni. Alitaka kutia sahihi gatini, picha ipigwe, awahi ndege. Mwenyekiti wa tume, aliyekuja mwenyewe kushuhudia, alimwonyesha ngazi kwa kidole. Mkurugenzi akapanda mashua namba tatu, meneja akapanda kando yake bila kuambiwa. Fundi akasimama kwenye breki ya winchi.

"Shikamoo, mkurugenzi. Habari za safari?"

"Nzuri. Fundi, hii kitu inashuka kweli?"

"Hii inashuka. Nimeibandua rangi yote kwa mkono wangu. Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo, hawajambo! Nishushe!"

Waya ukalia kidogo, kama kawaida ya waya, na mkurugenzi akamkumbatia meneja. Mashua ikateremka sawasawa, mbele na nyuma, ikagusa maji bila kurusha tone. Watu wa gatini wakapiga makofi. Mkurugenzi alipanda ngazi akiwa amepauka, na ofisa akamsogezea cheti juu ya ubao, sehemu ya sahihi ikiwa imewekewa alama.

Akatoa kalamu. Akaiinamisha. Halafu akageuka akazitazama zile nyingine, nyeupe, nene, zinang'aa kwa jua ubavuni mwa meli.

"Hizi nyingine kumi na moja," akasema, "umezibandua?"

"Bado, mkurugenzi. Wapaka rangi wana amri yako, na mimi nina patasi moja."

Mkurugenzi alizihesabu kwa macho, akahesabu tena. Akaifunga kalamu yake, akairudisha mfukoni, akamwambia ofisa awaarifu abiria kwamba safari imeahirishwa. Kisha akauliza patasi zinauzwa wapi.

Meli ilikaa gatini siku tisa, wapaka rangi walewale wakibandua walichokipaka, na Mzee Hamjambo akipita kati yao kila asubuhi kuwajulia hali.