Mtoto Anakaa?

Neno kukaa lina kazi mbili, na mwanangu ndiye aliyeumia katikati.

Mimi nashona nguo mjini Moshi. Natoka nyumbani Kibosho asubuhi na kurudi jioni, na mume wangu yuko mlimani na wageni zaidi ya alivyo nyumbani, kwa hiyo mtoto alikuwa anashinda na mama mkwe. Mama mkwe ndiye aliyempeleka kliniki kila mwezi. Nikirudi naangalia kadi: uzito mzuri, chanjo zote, na upande wa makuzi kuna tiki. Nikaridhika. Nani ana muda wa kuhoji tiki?

Alipotimiza mwaka nilimpeleka mwenyewe, kwa kuwa mama mkwe alivimba mguu. Muuguzi alimkalisha mezani, akamwachia kidogo. Akaangukia ubavu kama mkungu wa ndizi.

"Mama, huyu hakai."

Nikamwonyesha kadi. Miezi mitatu nyuma, siku ya chanjo ya surua, mwandiko wake mwenyewe: anakaa.

Tulibishana mpaka foleni ikaanza kunung'unika. Aliikumbuka siku ile. Bibi alikuja na mtoto mgongoni, kanga imefungwa barabara, na watu wamejaa mpaka nje. "Nilimwambia shikamoo bibi, mtoto anakaa? Akanijibu, anakaa vizuri, tena hasumbui."

Basi. Mmoja kauliza habari za mgongo, mwenzake kajibu habari za kushinda nyumbani bila kulia. Nilitamani kupiga kichwa ukutani. Mtu ana macho mawili na meza iko mbele yake, anashindwa kumwambia bibi afungue kanga?

Tukapewa barua ya kwenda kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Tulimkuta dada mmoja, mpole kuliko nilivyostahili siku hiyo. Alimshikilia mtoto kati ya magoti yake, akamwekea kikombe cha plastiki mbele ili ajifunze kuegemea mikono. Alisema misuli imelegea, mazoezi yatamsaidia, ila tungemleta mapema ingekuwa rahisi zaidi, maana miezi ya mwanzo ndiyo yenyewe. Tena mazoezi ayafanye yule anayeshinda naye, kila siku, na asibebwe mgongoni kutwa.

Yaani nikamfundishe mama mkwe! Nilipanda na ile barabara ya matope huku nampangia maneno njia nzima. Nilimkuta jikoni anamenya ndizi za mtori, mguu kauweka juu ya kigoda. Hata shikamoo sikumpa. Nilimwaga yote, kadi, tiki, kanga, kila kitu.

"Unashinda naye wewe, mama! Ina maana hukuona?"

Hakuacha kumenya.

"Niliona, mwanangu. Nilikuambia siku ya ubatizo, hapa hapa jikoni. Nilisema shingo yake bado laini, wenzake hawako hivi. Ukaniambia nisimnenee mtoto wako mabaya. Ukaninunia wiki nzima, na mimi nikanyamaza."

Nilikumbuka. Nilikumbuka hata sufuria niliyoibamiza chini nikitoka.

Siku ya ubatizo mtoto alikuwa na miezi mitano.